Chumba Nilichokipima Bila Kukiona

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nirambe ukuta.

Aliyeniambia alikuwa Bwana Shee, mthamini wa nyumba mjini Lamu. Tulikuwa katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni iliyokuwa ikiuzwa, na mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale akitutazama. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Mombasa wiki hiyo. Cheti changu nilikitia katika bahasha, bahasha nikaitia katika mkoba, na mkoba nikaukumbatia kifuani. Hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia habari ya kuramba. Nikaanza kuwaza: nirambe kwa ncha ya ulimi au kwa ubavu? Nimwombe ruhusa mwenye nyumba? Na nani aliuegemea ukuta huu asubuhi?

"Ramba, kijana," alisema Bwana Shee. "Ukuta hautakuuma."

Nikaramba.

"Wasemaje?"

"Una chumvi, Bwana."

"Nyingi au kidogo?"

Nilisita muda mrefu kiasi kwamba akauramba mwenyewe. "Nyingi," alisema. "Mawe haya yalitolewa baharini yakajengewa kabla ya kupigwa na mvua. Chokaa haitashika hapa hata ukipaka kila mwaka. Andika."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Sikuwahi kuulizwa kile cheti, na mpaka leo kimo katika bahasha ile ile.

Nimestaafu mwaka huu, na ninyi vijana mlioachiwa afisi mmeniomba niandike niliyoyapitia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja kwa kuchelewa na havina mafunzo. Nitaeleza miaka yangu ya mwanzo, ile ya hamsini, na hasa ripoti moja ya nyumba, kwa sababu naziona ripoti mnazochapa siku hizi na zinanitia wasiwasi. Ni nzuri mno.

Bwana Shee alikuwa mwashi ujanani mwake. Alianguka kutoka kwenye jukwaa akavunjika mguu, akaacha kujenga, akashika kazi ya kusema makosa ya waliojenga. Alikuwa akisema ni kazi nyepesi kuliko ya kwanza, ila salamu hupungua njiani. Mtu akitaka kununua nyumba, au ndugu wakitaka kugawana urithi, walimwita aje aitazame, aseme ina nini, haina nini, na yastahili bei gani. Yeye alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu alizijua kwa kutia sahihi tu. Lakini wateja walikuwa wameanza kutaka ripoti zilizochapwa kwa taipureta, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuajiriwa.

Vifaa vyetu vilienea katika kikapu kimoja. Kulikuwa na timazi, chupa ya maji ya kuonea kama sakafu imelala sawa, futi ya utepe niliyokuja nayo kutoka chuoni, na sindano ya kushonea matanga ambayo Bwana Shee aliipata kwa fundi wa Matondoni. Sindano hiyo ilinifunza mengi kuliko chuo. Dari za nyumba za mawe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti huanza kuoza pale kichwa chake kilipoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Unapanda ngazi, unachoma sindano karibu na ukuta. Ikigoma, shuka. Ikiingia kama kwenye mkate, shuka pia, ila shuka polepole.

Alinifunza vilevile kutoipenda nyumba iliyopakwa chokaa mpya. "Ni kama mtoto aliyenyamaza ghafla," alisema. "Nenda ukatazame afanya nini."

Daftari lake lilikuwa na sheria moja. Alichokiona kwa macho yake alikiandika kwa wino. Alichoambiwa alikiandika kwa penseli. Mwenye nyumba akisema birika la kuhifadhi maji halijavuja tangu enzi za babu yake, hiyo penseli. Bwana Shee akilijaza maji jioni na kulikuta limejaa asubuhi, hiyo wino. Mimi nilimwuliza, "Na unachokisia, Bwana?"

"Nikikisia hunyamaza. Wewe je?"

Mimi nilikuwa nikikisia kuanzia alfajiri mpaka usingizi unichukue, lakini sikuona haja ya kumwambia.

Taipureta haina penseli. Kila neno hutoka na weusi ule ule, lililoonekana na lililosikiwa. Nililigundua jambo hilo mwezi wa kwanza, nikaliwaza siku mbili, kisha nikaona ni wasiwasi wangu wa kawaida. Nikaendelea kuchapa.

Yupo mtu mmoja zaidi wa afisi yetu. Mnajua kwamba chumba cha ndani, kile cha nyuma kabisa, ndicho nyumba yenyewe. Humo huzaliwa watoto, humo huoshwa maiti, humo bibi harusi huketi fungate yake. Mwanamume wa nje haingii. Lakini chumba hicho nacho chauzwa pamoja na nyumba, nacho kina boriti zinazooza kama nyingine. Kwa hiyo kazi ya ndani ilifanywa na Bi Time, dada yake Bwana Shee, mjane mwenye sauti ya kuvuka mitaa mitatu. Aliingia na kamba yake ya mafundo, kila fundo mkono mmoja, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Sisi tulikaa nje, kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, na kalamu tayari.

"Urefu mikono kumi na sita!" alikuwa akiita. "Boriti ishirini na sita, mbili zina mchwa! Na mwambieni mwenye nyumba popo wake wamenenepa!"

Nami niliandika kwa penseli, maana nilisikia, sikuona. Popo sikuwaandika, baada ya kufikiri.

Nje nilipima mwenyewe kwa futi. Ndani Bi Time alipima kwa mikono. Mkono mmoja ni futi moja na nusu, hesabu ya mtoto wa darasa la nne, lakini hakuna aliyewahi kuniomba niifanye. Katika ripoti zetu futi zilikaa upande wake na mikono upande wake, kama wageni wa harusi.

Sasa niseme kosa lililotangulia kosa. Nilitumwa kuandika ripoti ya nyumba ndogo ya vyumba viwili, nikaandika kurasa kumi na moja. Niliogopa kuacha kitu ambacho baadaye kingekuwa muhimu. Niliandika upepo waingilia wapi, ngazi ya tatu yalia vipi, jirani akohoa saa ngapi. Uani kulikuwa na mbuzi, nikamwandika. Baada ya siku mbili mnunuzi aliirudisha.

"Bwana Shee," alisema, "nimesomewa mpaka adhana ikanikuta. Ninunue, nisinunue?"

Bwana Shee akaniambia nimsomee na yeye. Alinisikiliza mpaka ukurasa wa nne.

"Athumani, huyu mbuzi auzwa pamoya na nyumba?"

"La, Bwana."

"Basi mtoe."

Nikamtoa.

"Na jirani akohoaye, mtoe."

"Lakini, Bwana, kikohozi chake chasikika mpaka—"

"Mtoe, mwanangu."

Kurasa zilibaki mbili. Tangu siku ile niliapa kwamba ripoti zangu zitakuwa fupi. Kila nilipotaka kuongeza kitu nilimkumbuka yule mbuzi, nikaona haya.

Ni katika hali hiyo ya kujirekebisha ndipo alipokuja Bwana Bakari wa Mbwajumali. Alikuwa mkulima wa tumbaku na nazi huko Pate, mikono mikubwa, maneno machache. Binti yake, Mwanakombo, alikuwa ameposwa na mwalimu kijana wa hapa mjini, na harusi iliwekwa Mfungo Pili, miezi miwili mbele. Kwa desturi yetu nyumba hutoka kwa upande wa bibi harusi. Bwana Bakari alikuwa ameuza ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja, pamoja na sehemu ya shamba, ili binti yake asije mjini kukaa kwa watu. Alikuwa amepata nyumba Langoni kwa Bwana Omari, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akihamia Mombasa kwa wanawe.

"Miye nyumba zangu ni za makuti," alituambia. "Nyumba ya mawe siijui. Nitazamieni kana kwamba mwanangu ni wenu."

Tulikwenda kuipima. Bwana Shee aliitazama chini yote, akachoma sindano, akaridhika, kisha akapanda punda kwenda Matondoni kutazama boriti za nyumba nyingine. Juu alituachia mimi na Bi Time. Mimi nilipima nje, kwenye kichochoro, kutoka daka mpaka pembe ya nyuma penye mfereji wa mvua: futi arobaini na mbili. Kisha nikakaa kwenye daka. Bi Time akapita chumba kwa chumba, akiita vipimo, mpaka akafika chumba cha ndani.

"Upana mikono sita! Boriti zote nzima! Chumba kizuri hiki, Athumani, bibi harusi atatononoka!"

"Ahsante, Bi Time!"

"Na hapa ukutani kuna kidaka kimoya kirefu. Wenziwe wote ni shubiri moya tu, pa kuwekea vyombo. Hiki mkono wangu wazama mpaka kiwiko!"

"Kwa nini, Bi Time?"

"Waniuliza mimi? Mimi nimekuya kupima. Andika!"

Niliandika kwa penseli: kidaka kimoja, kirefu mpaka kiwiko.

Jioni nilichapa. Kurasa mbili zilijaa, na mistari miwili ikamwagikia ukurasa wa tatu. Nikasoma tena nitafute cha kupunguza. Nikafika kwenye kidaka. Nikajiuliza: Mwanakombo atalala ndani ya kidaka? Bei itapanda au itashuka kwa sababu ya kidaka? Je, hiki si mbuzi mwingine? Nikakitoa. Ripoti ikatoshea kurasa mbili kamili. Nakumbuka niliegemea kiti na kujiona nimekomaa.

Bwana Shee aliporudi aliniuliza, "Yuu kuna lolote?"

"Hakuna, Bwana."

Akatia sahihi.

Kesho yake asubuhi Bwana Bakari alikuja nimsomee. Aliketi wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza hutuba. Nilimsomea kuta, dari, birika, choo, na mwisho bei tuliyoikadiria. Akatikisa kichwa polepole.

"Hiki chumba cha ndani," aliuliza, "umekiona kwa mato yako?"

Jibu la swali hilo ni neno moja, nalo ni la. Lakini niliwaza: nikisema la, atadhani kazi haikufanywa. Nikieleza habari ya Bi Time, nitakuwa nimerefusha. Nikamwambia, "Kimepimwa, Bwana."

"Basi baada ya Mungu nakutegemea wewe," alisema. "Tunamalizana leo baada ya alasiri."

Kabla ya adhuhuri Bi Time alipita afisini kuchukua kamba yake.

"Bwana Bakari alisemaje juu ya kile kidaka?"

"Sikukiandika, Bi Time."

Alinitazama tangu kofia mpaka makubadhi. "Mbuzi umemwandika," alisema, "kidaka umekiacha." Akatoka na kamba yake.

Nilibaki na daftari mbele yangu. Kwa mara ya kwanza nikafanya ile hesabu ya darasa la nne. Nje, futi arobaini na mbili, ni mikono ishirini na minane. Ndani, vyumba vya juu vyote na unene wa kuta zake, nikijumlisha alivyoita Bi Time, ni mikono thelathini na mitano. Nikahesabu tena. Nikahesabu mara nne, mara ya mwisho kwa vidole. Nyumba ya Bwana Omari ilikuwa ndefu ndani kuliko nje kwa mikono saba. Chumba cha ndani kilikuwa na mikono sita, na ukuta wake mmoja.

Nilikimbia mpaka kile kichochoro. Pembe ilikuwa pale pale penye mfereji wa mvua, na hapo ndipo nyumba ya Bwana Omari ilipoishia. Nikainua uso. Kule juu ukuta uliendelea, ukapanda juu ya nyumba ya jirani. Chumba ambacho Mwanakombo angeketi fungate kilikuwa kimelala juu ya nyumba ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Bi Maimuna, dada yake Bwana Omari.

Ninyi mmeyaona haya mara nyingi na hamshtuki. Nyumba za ndugu hupeana vyumba. Binti akiolewa hutengewa chumba juu ya cha nduguye, mlango ukafunguliwa huku, ukazibwa kule, na baada ya miaka ni wanawake pekee wanaojua kipi ni cha nani. Lakini mimi nilikuwa na miezi mitano kazini. Nilisimama kichochoroni nikiwaza kwamba huenda nimekosea hesabu, huenda Bwana Omari ana hati, huenda nikinyamaza hakuna atakayejua. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha, kwa sababu lilikuwa kweli. Pengine wangejua baada ya miaka kumi, Bwana Omari akiwa Mombasa na ng'ombe wa Bwana Bakari wakiwa wameshaliwa.

Mpaka nampata Bwana Shee, alikuwa akitoka msikitini baada ya sala ya alasiri. Nilimweleza yote, kidaka, mikono, futi, na lile jibu langu la asubuhi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umeandika mbuzi kwa wino," alisema hatimaye, "na mlango umeupangusa."

"Mlango, Bwana?"

"Kidaka cha kufika kiwiko ni nini kama si mlango uliozibwa? Ukuta mzima hauchimbwi hivyo." Akavaa viatu. "Alasiri hiyo. Nenda ukamwambie."

"Hatutakwenda pamoja?"

"Tutakwenda. Lakini aliyemsomea ni wewe."

Kwenye daka la Bwana Omari walikuwa wameshaketi. Bwana Bakari upande mmoja, Bwana Omari upande wa pili, mashahidi wawili, na kahawa. Mlango mkubwa nyuma yao ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake nilijua wanawake wa nyumba zote mbili wameketi, maana katika Lamu hakuna daka lisilosikilizwa.

Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yenye utangulizi na sababu tatu. Yalinipotea yote.

"Bwana Bakari," nilisema, "uliniuliza kama nimekiona chumba cha ndani. Sikukiona. Na nadhani si cha nyumba hii."

Bwana Omari aliweka kikombe chini. "Kijana, wasema nini? Chumba cha mamangu hicho! Alifia humo, mimi nikimshika kichwa."

"Ndiyo, Bwana, lakini kiko juu ya nyumba ya—"

"Bwana Shee, huyu mmemwokota wapi?"

"Chuoni," alisema Bwana Shee. "Mwache amalize."

Nikamaliza. Nikataja futi na mikono, na kile kidaka. Nilipotaja kidaka, sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka nyuma ya mlango.

"Kaka Omari."

"Naam, Maimuna."

"Chumba kile nilipewa siku ya harusi yangu. Mlango wake ulikuwa kwangu."

"Mlango upi?"

"Ule uliouziba wewe kwa mikono yako. Mama alipougua ukasema mkeo amuuguze, ukafungua mlango kwako ukaziba kwangu ili upepo usimpige. Ukasema ni mpaka apone. Hakupona. Na wewe hukuya kuzibua. Nami kwa ajili ya mama sikutaka kugombania mlango."

Bwana Omari aliugeukia mlango. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa mwongo. Alikuwa amesahau kabisa. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akipita mbele ya kile kidaka, pengine akiweka kofia yake humo.

"Mbona hukusema nilipotangaza kuuza?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Nani aliniuliza? Waliokuya kupima walikaa dakani."

Mashahidi wakatazama chini. Mimi nilikuwa nimetazama chini tangu mwanzo.

Bwana Bakari alikunja ile ripoti yangu mara mbili, akaishika. "Basi nilikuwa nanunua nyumba isiyo na ndani," alisema. "Harusi Mfungo Pili. Nimekwisha kuuza ng'ombe." Kisha akageuza uso kidogo kuelekea mlangoni, bila kutazama, kama inavyotakiwa. "Bi Maimuna, waniuzia chumba hicho?"

"Chumba cha mama siuzi."

Kahawa ilikuwa imepoa, na hakuna aliyekunywa.

"Mwanao aitwani?" Bi Maimuna aliuliza.

"Mwanakombo."

"Bibi harusi haketi ukumbini akatazamwa kama bidhaa. Atakaa fungate yake humo, na baadaye akitaka kukaa, akae. Lakini mlango wangu uzibuliwe. Chumba kiwe na milango miwili, wake na wangu, na mtu asije akasema ni cha nyumba hii." Akaongeza, "Na iandikwe. Na huyo kijana aandike kidaka."

Mmoja wa mashahidi alicheka, kisha na Bwana Omari, kisha Bwana Bakari akatikisa mabega. Bei ilipunguzwa kwa kiasi cha chumba kimoja, bila mabishano, kwa sababu Bwana Omari alikuwa na haya. Bwana Bakari akarudi na kilichosalia, akanunua tena ng'ombe mmoja. Mwanakombo akaolewa Mfungo Pili kama ilivyopangwa. Bi Time alialikwa, mimi nilikula pilau kwenye daka.

Bwana Shee hakunifukuza, ingawa wiki nzima niliandaa maneno ya kuagia. Aliniletea penseli mpya. Tangu siku hiyo, kila nilipochapa nilichoambiwa, niliacha nafasi tupu kwenye karatasi, nikaijaza kwa mkono kwa penseli. Ripoti zetu zilikuwa na sura ya mdomo uliong'oka meno. Wateja walicheka, lakini walijua kusoma. Hata asiyejua herufi aliona palipo na wino na palipo na penseli, akauliza pale pale penye penseli. Mikono na futi niliziandika mstari mmoja, zitazamane.

Baadaye watu walikuja na ripoti za wathamini wengine wakitaka niwaeleze. Karibu wote walianzia mwisho, kwenye bei. Niliwaambia bei ni neno la mwisho la maongezi, na anayeingia mwishoni hajui kilichosemwa. Anza kwa kuuliza nani aliingia nyumbani na nani aliishia mlangoni. Tafuta chumba ambacho ripoti inakipita haraka. Mwulize mthamini swali la Bwana Bakari, na akikujibu "kimepimwa," jua hakukiona. Mimi nalijua jibu hilo vizuri.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, Bwana Shee alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi, niliitwa katika nyumba ile. Mlangoni nilipokewa na Mwanakombo mwenyewe, mtoto kiunoni na mwingine ameshika kanga yake. Bi Maimuna alikuwa amezeeka. Macho yake yalipopungua Mwanakombo ndiye aliyempikia na kumshika mkono, akipita kwenye ule mlango wa pili asubuhi na jioni. Sasa Bi Maimuna mwenyewe alikuwa ameamua kumwuzia chumba, ila alitaka kithaminiwe sawasawa, mtu asije akasema alikitoa kwa huruma.

Bi Time alikuwa safarini. Nikakaa kwenye daka kwa mazoea, nikatoa daftari na penseli, nikawaza nimwombe nani anipimie, na kama anajua kushika kamba, na kama itafaa tusubiri wiki ijayo.

"Bwana Athumani," Mwanakombo aliita kutoka juu.

"Naam, Bi."

"Wakaa nini hapo? Wanawake wametoka, niko mimi na Bi Maimuna tu, na tumejitanda. Ngia. Habari yako na chumba hiki nimesimuliwa tangu nikiwa mwari."

Nikapanda. Nikapita vyumba nilivyovijua kwa sauti ya Bi Time tu, mpaka nikasimama kwenye mlango wa ndani. Boriti zilikuwa nzima kweli. Vidaka vilipangika ukutani, na pale palipokuwa na kile kirefu palikuwa na mlango wazi, na Bi Maimuna ameketi upande wa pili, amegeuza sikio kwangu.

"Ni yule kijana?" aliuliza.

"Ni yeye," Mwanakombo alisema. Akanitazama mkononi. "Weka hiyo penseli, Bwana. Mara hii andika kwa wino."

Ndiyo ripoti fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Chumba kimoja, milango miwili. Nimekiona.